Mama, Mtoto na Biashara Ndogo: Mzigo Huu Ubebwe na Nani?

Mada kwa viongozi wa walei, wanajumuiya na akina mama wa parokia

Nimepewa jukumu la kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu huliona kila siku apitapo njiani, lakini ni mara chache tumeliweka mezani kama suala la haki. Jambo hilo ni hali ya mama mwenye watoto wadogo ambaye, ili nyumba yake isimame, ameanzisha au anataka kuanzisha biashara ndogo.

Likizungumzwa jambo hili, kwa kawaida maneno ya kwanza huwa mtaji, mkopo na soko. Hayo yote ni ya lazima. Hata hivyo, mtaji wa kwanza wa mama si fedha. Mtaji wake wa kwanza ni saa zake na nguvu za mwili wake, na mtaji huo umekwisha kutumika karibu wote kabla hajauza chochote. Kwa hiyo swali letu la leo ni hili: mama anapoongeza kazi ya biashara juu ya kazi ya ulezi, saa zinazopungua zinatoka kwa nani? Tusipolijibu swali hilo sisi watu wazima, litajibiwa na mtoto.

Tutafuata njia tuliyoizoea katika kazi za Haki na Amani, ile iliyoenezwa na Kardinali Joseph Cardijn na kupokelewa na Papa Yohane XXIII katika waraka wake wa mwaka 1961, yaani kuona, kuamua na kutenda.

1. TUONE HALI ILIVYO

Tumchukue mama wa mfano tu. Si fulani wala si fulani, ila kila mmoja wetu atamtambua. Ana watoto watatu. Wa mwisho ana miezi minne na bado ananyonya. Mama huyu anapika maandazi. Usiku anakanda unga na kuuacha uumuke. Saa tisa usiku anaamka kuwasha mkaa. Saa kumi na mbili asubuhi yupo barazani anauza, na saa tatu amemaliza. Baadaye anakwenda dukani kununua unga, mafuta na sukari vya kesho, anatafuta mkaa, anachota maji na kuosha vyombo vya biashara. Biashara hii peke yake inamchukua saa tisa kwa siku. Bado hatujahesabu chakula cha nyumbani, nguo za mtoto, usafi, kunyonyesha, wala mgonjwa akiwapo.

Sasa tufanye hesabu, kwa mfano tu. Akipika maandazi 200 na kuyauza kwa shilingi 200 kila moja, anapata shilingi 40,000. Unga, mafuta, sukari, hamira na mkaa vikigharimu shilingi 31,000, anabakiwa na shilingi 9,000. Kwa saa tisa za kazi, hiyo ni shilingi 1,000 kwa saa. Kwa siku sita za juma anabakiwa na shilingi 54,000.

Tuseme mama huyu alianza kwa mkopo wa kikundi, na kila juma anatakiwa kurejesha shilingi 35,000. Katika juma jema atabakiwa na shilingi 19,000. Lakini mtoto akipata homa na mama akalazimika kukaa zahanati siku mbili, mapato ya juma ni ya siku nne tu, yaani shilingi 36,000. Akitoa rejesho la shilingi 35,000, anabaki na shilingi 1,000 ya kulisha nyumba. Rejesho halijui homa. Tena wanakikundi wenzake, kwa kuwa wamedhamini, hawawezi kumwonea huruma bila ya wao wenyewe kulipa. Hapo ndipo godoro na sufuria huanza kutolewa nje, na majirani waliosali pamoja Jumamosi hukosa kusalimiana Jumatatu.

Ndugu zangu, katika hali kama hiyo wapo watu watatu wanaolipa gharama ambayo haiandikwi katika daftari lolote.

Wa kwanza ni mtoto mchanga. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aanze kupewa vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi afikie miaka miwili au zaidi. Mama asipokuwapo, uji huanza mapema. Au mtoto hufungwa mgongoni karibu na moshi wa mkaa, au huachwa atambae jirani na karai la mafuta ya moto.

Wa pili ni binti mkubwa wa nyumba hiyo. Ada imeondolewa katika shule zetu za msingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu mwaka 2016 elimu bila ada imefika hadi kidato cha nne. Lakini kufutwa kwa ada hakumsaidii msichana anayebaki nyumbani siku mbili katika juma ili ambebe mdogo wake. Jina lake limo katika daftari la mahudhurio, ila yeye mwenyewe hayumo darasani. Katika nyumba nyingine si binti wa nyumba, bali ni msichana wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini. Huyo naye ni mtoto wa watu.

Wa tatu ni mama mwenyewe. Mwili ambao haujapona uzazi unarudishwa kwenye ndoo za maji na magunia ya mkaa.

Tena lipo jambo moja zaidi, nalo ni zito. Katika baadhi ya nyumba, mama akianza kupata shilingi zake, baba huacha polepole kuacha fedha ya matumizi. Leo haachi kwa sababu mshahara umechelewa, kesho kwa sababu mama anauza. Baada ya miezi michache biashara ya mama haiongezi kitu katika nyumba. Inajaza tu nafasi ya kile kilichoondolewa. Mama anafanya kazi mbili, na nyumba inapata pato lile lile la zamani.

2. TUAMUE KWA MWANGA WA IMANI NA WA SHERIA

Katika arusi zetu tunapenda kusoma sura ya mwisho ya Kitabu cha Mithali, inayomsifu mke mwema. Mama huyo anasokota, anafuma, ananunua shamba, anapanda mizabibu, anauza bidhaa zake, na taa yake haizimiki usiku. Wengi wetu tumeitumia sura hiyo kumwambia mama kwamba anaweza kufanya yote. Lakini tukiisoma kwa makini tutaona mambo mawili. Kwanza, nyumba ile ina wasaidizi: mama yule anaamka mapema na kuwagawia chakula na kazi watu wa nyumbani mwake. Hakuwa peke yake. Pili, sura inamalizika kwa kuagiza kwamba mama apewe matunda ya kazi ya mikono yake. Kwa hiyo kumsifu mama kanisani na kumnyang'anya mapato yake nyumbani ni kuisoma sura ile nusu.

Katika Matendo ya Mitume tunakutana na Lidia, mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, ambaye nyumba yake ikawa nyumba ya kuwapokea mitume. Tunakutana pia na Akwila na Priska, mume na mke, wote wawili mafundi wa kushona mahema, waliofanya kazi pamoja na pamoja wakalihudumia Neno. Basi biashara ya mwanamke si jambo geni katika Kanisa. Lilikuwapo tangu siku za mwanzo.

Mapapa nao wamelisema jambo hili bila kificho. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alidai ujira unaomwezesha mfanyakazi kuishi na watu wake. Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ya mama ya kulea inastahili kuthaminiwa na jamii nzima, na kwamba kazi nyingine zipangwe kwa namna isiyomlazimisha mwanamke kulipia maendeleo yake kwa kuiacha familia yake. Maana ya fundisho hilo ni kwamba kazi ndiyo ilinganishwe na mama na mtoto. Mama na mtoto wasikatwe ili watoshe katika kazi. Na mwaka 1995, kabla ya Mkutano wa Wanawake wa Beijing ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu, Mama Gertrude Mongella, Papa huyo huyo aliwaandikia wanawake wa dunia barua ya kuwashukuru na kutetea haki zao.

Sheria za nchi yetu nazo zina la kusema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, anastahili muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Haya ni mema. Lakini mama wa maandazi hana mwajiri. Siku 84 zake nani atampa? Yeye akikaa nyumbani, jiko limezimika. Taifa limekiri kwamba mwili wa mzazi na mtoto mchanga vinahitaji siku hizo. Haki hiyo haipungui kwa sababu mama anauza barazani badala ya kukaa ofisini. Palipokosekana mwajiri wa kuitimiza, imebaki familia na jumuiya.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka mume amtunze mkewe kwa chakula, mavazi na malazi kadiri ya uwezo wake. Wajibu huo haufutiki kwa sababu mke ameanza kuuza. Sheria hiyo hiyo inampa mwanamke aliyeolewa haki ya kuwa na mali yake mwenyewe, na inakataza nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Na mwaka 1983, katika kesi mashuhuri ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani na za malezi ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Basi asiwepo kati yetu wa kusema kwamba mama aliyekaa nyumbani kulea hakufanya kitu.

Hukumu yetu ni moja: biashara ya mama ni njema na ni haki yake, lakini biashara inayomgharimu mtoto afya yake, au binti shule yake, bado haijapata faida. Na kosa hilo tusimtupie mama. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Lawama ni ya mikono mingine iliyokunjwa.

3. TUTENDE

Nyumbani. Kabla ya kutafuta fedha, mume na mke waketi na kuandika saa za siku nzima, tangu alfajiri hadi usiku: nani anafanya nini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; ukiandikwa karatasini, uzito wake huonekana. Kisha wakubaliane kazi gani zitahama. Baba anaweza kuchota maji, kuleta mkaa, kumwogesha mtoto, kubaki na watoto asubuhi ya siku asizokwenda kazini. Hayo hayampunguzii ubaba. Yosefu wa Nazareti, seremala, alimchukua mtoto na mama yake usiku akawapeleka Misri. Hakusema ulezi si kazi yake. Wakubaliane pia kwamba fedha ya matumizi ya baba itaendelea kutolewa kama zamani. Na kwa akina mama wanaolea peke yao, wajane na walioachwa, kikao hicho kifanywe na ndugu, wasimamizi wa ubatizo au viongozi wa jumuiya.

Kuchagua biashara kwa umri wa mtoto. Miezi sita ya kwanza si wakati wa moto wala wa safari za sokoni. Anayeweza, ashone au afume kwa oda, atunze bustani ya mboga, au afuge kuku wachache, bila kusahau chanjo ya kideri. Mtoto akianza kula na kutembea, genge mbele ya nyumba linawezekana, kwani mama anauza huku anamwona mtoto. Mtoto akiingia chekechea au darasa la kwanza, mama anaweza kufikiria mgahawa, sokoni au cherehani ya pili. Kuanza kidogo si woga. Biashara itakua pamoja na mtoto.

Kutunza fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shule lenye kurasa mbili kwa kila juma, moja ya mapato na moja ya matumizi, latosha. Fedha ya biashara ikae mbali na fedha ya nyumba, na mama ajiandikie ujira wake hata ukiwa mdogo, ili ajue kama anafanya biashara au anakula mtaji.

Juu ya mikopo tuwe macho. Mkopo wenye marejesho ya kila juma haumfai mama anayenyonyesha. Wananchi wenyewe wameiita baadhi ya mikopo hiyo kausha damu, na jina hilo halikuja bure. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni. Mama aulize leseni, aulize jumla ya fedha atakayolipa mpaka mwisho, na asitie sahihi asichokisoma. Afadhali aanze kwa akiba ya kikundi cha kuweka na kukopa, ambamo wanakikundi hujipangia masharti wenyewe na wanaweza kuweka mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na uzazi. Mtindo huu ulianzishwa mwaka 1991 na wanawake wa Niger kwa msaada wa shirika la CARE, na umeenea sana kwetu. Aidha, sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Viongozi wa walei wawasaidie akina mama kuunda vikundi, kuviandikisha, na kufuatilia maombi yao kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Parokia na jumuiya. Hapa nawaomba radhi viongozi wenzangu, kwa sababu sasa nageukia nyumba yetu wenyewe.

Kumbi na vyumba vyetu vya katekisimu hukaa vitupu asubuhi nyingi za juma. Akina mama sita wakikubaliana, na kila asubuhi wawili wakibaki na watoto wa wote katika chumba salama, kila mama atatoa asubuhi mbili na kupata asubuhi nne za kazi akiwa na moyo mtulivu. Hakuna binti atakayeacha shule. Mpango huo ukikua na kuwa kituo cha kudumu, usajiliwe kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kupitia ofisi ya Ustawi wa Jamii.

Parokia ikiwa na sherehe, komunyo ya kwanza au semina, inunue vitafunio na kushonesha sare kwa akina mama hao, tena itoe oda mapema na ilipe kwa wakati. Oda ya mapema humwezesha mama kupanga saa zake. Kumcheleweshea malipo ni kuukalia mtaji wake.

Michango nayo tuitazame. Mama aliyejifungua, asiye na likizo yenye malipo, asiandikwe katika orodha ya wadaiwa wa jumuiya. Kwa majuma kumi na mawili, ambazo ndizo zile siku 84, jumuiya impe yeye: mmoja alete maji, mwingine kuni, mwingine amtazamie genge lake ili wateja wasipotee. Hiyo ndiyo likizo ya uzazi tunayoweza kuitoa sisi wenyewe, bila kungojea bajeti ya mtu yeyote. Yethro alipomwona Musa akihukumu watu peke yake tangu asubuhi hata jioni, hakumsifu kwa uvumilivu. Alimwambia atachoka, naye na watu wake, akamshauri agawe kazi. Nasi tuache kuwasifu akina mama kwa uvumilivu tu. Tugawane kazi.

Mwenyezi Mungu, aliyetaka Mwanawe alelewe na mama na kufunzwa kazi na fundi, azibariki nyumba zetu na kazi za mikono yetu. Tumsifu Yesu Kristo!

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu wapo akina mama wangapi wenye watoto wadogo na biashara ndogo? Asubuhi wanapouza, watoto wao hubaki na nani?

2. Je, yupo binti anayekosa shule kwa sababu ya kulea? Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake, na kwa msaada gani mkononi?

3. Je, baba wa nyumba zetu wanaendelea kutimiza wajibu wao pale mama anapopata kipato? Akina baba na wajibu wa kwanza.

4. Mama atakayejifungua mwezi ujao katika jumuiya yetu, tutamgawia nani kazi zake kwa majuma kumi na mawili? Majina yaandikwe kabla ya kufunga sala.